Ombi la Kumwajiri Mume Wangu ili Mumfukuze Kazi

Nyuma ya soko,
Mabawa, Tanga.

Kwa Mwenyekiti,
Duka la Hisani la Kompyuta za Mtumba,
Mabawa.

Ndugu Mwenyekiti Samira,

YAH: MZEE YAKOUB ABDULWAKIL

Kwanza marahaba. Najua tungekutana ana kwa ana ungeniamkia, kwa hiyo nimeona nikuitikie kabisa tusimalize karatasi. Mama yako hajambo, nilimwona juzi akichagua dagaa. Baada ya salamu, naomba unisikilize kama mwenyekiti na si kama mtoto niliyemshonea sare ya darasa la kwanza, ingawa sare hiyo niliishona na haikukubana popote.

Sina ugomvi na duka lenu. Mnapokea kompyuta zilizotupwa na maofisini, watu wenu wa kujitolea wanazifungua, wanazisafisha na kuzitia uhai, mnaziuza kwa bei ambayo hata mwanafunzi anaiweza, na faida inakwenda kununulia madawati ya shule kule Kigombe. Hilo ni jambo la kheri na Mungu atawalipa. Ninacholalamikia ni kwamba mliniazima mume bila kuniuliza, na mpaka leo hamjamrudisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Vifaa vyangu. Mimi ni fundi cherehani, kama ujuavyo. Brashi yangu ya kutolea vumbi la nyuzi ilikwenda kwenu kusafisha feni ya kompyuta. Ikafuatwa na mafuta ya cherehani. Kisha bisibisi, kisha pamba, kisha kimto changu cha sindano, ambacho sijaambiwa kilikwenda kutibu nini. Nilipouliza, Yakoub, mume wangu, alinijibu kwamba vumbi la kwangu ni la kawaida lakini la kompyuta limetoka Ulaya. Sikujua kwamba vumbi nalo lina daraja.

2. Udi. Unaukumbuka ule mzigo uliokaa stoo muda mrefu ukaja unanuka panya. Yakoub alichukua chetezo changu na udi wangu wa harusi, akazifukiza kompyuta moja moja kama anayefukiza kanzu za Idi. Zikauzika zote, na kwa hilo nampongeza. Lakini haukupita muda, mama mmoja wa Kigombe, aliyeuziwa ya mzigo mwingine, akairudisha yake. Haikuwa mbovu, inawaka vizuri tu, ila ya shoga yake inanukia na yake hainukii, na alitaka kujua amewakosea nini. Tangu hapo mmeweka zamu ya udi. Udi wenyewe ni wangu. Na mume wangu anarudi nyumbani kila jioni ananukia bwana harusi mtupu, hadi majirani wananiuliza, kwa upole sana, kama ameongeza mke. Nawajibu hapana, ni kompyuta. Wananitazama kwa huruma zaidi.

3. Ukarimu wake. Yakoub alikata tiketi za treni mpaka akastaafu, na abiria wake watakueleza kwamba hakuwa mtu wa maneno. Nyumbani nikimuuliza rimoti iko wapi, hunionyesha kwa kidevu. Huko kwenu, nimeambiwa, mteja asiyejua kitufe cha kuwashia anaelekezwa, akisahau anaelekezwa tena, akiondoka anasindikizwa mpaka barabarani na kuombewa safari njema. Mimi sijasindikizwa hata mlangoni. Naomba duka linieleze tabia hiyo aliipatia wapi, na kwa nini haibebeki mpaka nyumbani.

4. Kujulia hali. Maduka mengine yakishakuuzia kitu yanakusahau. Yakoub akisikia kompyuta aliyoitengeneza inapata joto, anaona ni wajibu wake kwenda kuitazama kama anavyotazamwa mgonjwa, na kwa mgonjwa hawezi kwenda mikono mitupu. Mwezi uliopita alikwenda Mkwaja na kikapu cha machungwa. Kompyuta haili machungwa, lakini wenyeji walifurahi, wakamchinjia kuku, wakamkatalia kuondoka, akalala huko huko. Mimi nilikula peke yangu, na naandika ukweli: sikupenda. Tangu tuoane hajanipeleka Mkwaja.

5. Wagonjwa wa kulazwa. Zile zisizopona dukani huletwa kwangu. Wifi yangu Wanu alipokuja kutoka Pemba alikuta kitanda cha wageni kina kompyuta, na kompyuta imeshushiwa chandarua kwa sababu ya mijusi. Wanu akalala nami. Yakoub akalala kwenye mkeka kando ya mgonjwa, na asubuhi wifi akaniuliza mgonjwa ameamkaje. Nikajikuta namweleza. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yamenifika shingoni.

Usidhani nimekurupuka kuandika. Nilianza kwa Lucas, mpanga zamu wenu, nikamtaka amfukuze Yakoub. Alinijibu kwa adabu kwamba mtu wa kujitolea hafukuziki, kwa kuwa hakuajiriwa. Alikuja kwa hiari yake na ataondoka kwa hiari yake. Nililitafakari jibu hilo nikiwa kwenye cherehani, nikaona lina akili, na dawa imo humo humo.

Naomba mumwajiri.

Akishaajiriwa, mengine yatakuja yenyewe. Nimeishi na mwajiriwa huyu maisha yangu yote ya ndoa, namjua. Akionja mshahara ataanza kuchelewa. Jumatatu ataumwa mgongo. Atafiwa na shangazi yake wa Muheza, ambaye wakati wa reli alishakufa mara mbili. Atasema bosi hamthamini na kiti alichopewa kina mguu mmoja mfupi. Alasiri haitamkuta dukani. Atakuwa amesharudi, amevua viatu, amekaa barazani ananilalamikia, nami namsikiliza huku nashona, kama tulivyokuwa. Mkishakusanya sababu za kutosha, mfukuzeni kwa utaratibu wote wa sheria, nami nitampokea akiwa hivyo hivyo alivyo.

Mshahara usiwape shida. Nitautoa mimi, kutokana na ushonaji, na nitakuletea mwenyewe kila mwisho wa mwezi, mradi asijue. Kama italazimu kumpandisha cheo kwanza ili akifukuzwa asikie vizuri, mpandisheni, sina pingamizi. Mkitaka kumpa na gari la ofisi mniambie mapema, hilo sitaliweza.

Mwenyekiti, watoto wetu wameshaoa na kuolewa, wako mbali, wanapiga simu wakikumbuka. Nyumba ilibaki na watu wawili, nanyi mmechukua mmoja. Sidai zaidi ya huyo.

Nisalimie mama, na umwambie gauni lake bado mikono tu. Msalimie Lucas, jibu lake lilinisaidia. Wasalimie wote wanaojitolea, mmoja mmoja, bila kumruka mtu. Mama wa Kigombe mpe pole yangu. Watu wa Mkwaja wape salamu, pamoja na kompyuta yao kama imeshapoa.

Ni mimi, mlalamikaji wako na mzazi wako,

Zuwena binti Mselem
Fundi cherehani

Tanbihi: Bahasha nimeifungua tena. Barua zangu zote hupelekwa na Yakoub, na hii isingefaa kumpa, kwa hiyo nimeileta mwenyewe. Nimeambiwa umetoka, nikakalishwa kwenye benchi. Akaja binti wa chuo kuchukua kompyuta yake, mkanda wa begi lake umekatika. Sindano na uzi havikosi kwenye mkoba wangu, nikamshonea. Aliyefuata akaleta begi ambalo zipu imegoma. Halafu nikatazama hizo kompyuta zenu za mezani, ziko uchi, zinaingia vumbi, nikaagiza vitambaa nyumbani, na sasa nakata vifuniko. Yakoub hajui nilichofuata; anadhani nimekuja kusaidia. Kila mteja anayeingia anamwonyesha mimi na kumwambia huyo fundi ni mkewe, hata asiyeuliza. Ameniletea kahawa, akaniuliza kama nimechoka, kisha akasimama pale pale kusubiri jibu. Nikamwambia anishikie mkasi.

Kwa hiyo ombi la hapo juu nimelifuta, na nakusihi msimwajiri kabisa. Ila nina lalamiko jipya, na hili ni la dharura. Lucas ameshaniandika kwenye zamu. Na kwa wema wake, akikumbuka nilivyomwendea siku ile, na kwa kuwa sasa amepatikana wa kushika nafasi, siku zangu zote amempangia Yakoub mapumziko akae nyumbani. Naomba umkanye leo hii. Nyumbani akae na nani?