Mkataba wa Kutoita Mtu

Mwaka ule wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua korosho, Fakihi aliiona riziki yake ndani ya tangi la maji.

Alikuwa msimamizi wa wachaguzi wa korosho kwa tajiri Ashraf, pale Newala. Sasa kafungua ghala lake, magunia yamejaa hadi darini, wa kuyachagua hakuna. Na lori la Mtwara halipakii korosho chafu. Wachaguzi hodari wote wako kwa Ashraf, na Fakihi alishatia saini kwamba akiacha kazi hatamwita hata mmoja wao.

Mtu wa ahadi, hakuita. Alijaza tangi uani, akaacha lango wazi. Kiangazi cha Newala maji yako bondeni, na kupanda nayo ni kilio.

Kesho yake akaingia Mama Gabriel, kiongozi wa wachaguzi, wenzake nyuma na ndoo zao.

"Baba Sophia, unatuita kazini?" akamuuliza Fakihi.

"Nani, mimi? Nina saini yangu, mama!"

"Na tukikaa wenyewe?"

"Mgeni hafukuzwi."

"Ujira?"

"Nusu ya ule wa Ashraf. Nusu nyingine mtaichota tangini."

Wakakaa. Ashraf akashtaki. Hakimu akausoma mkataba, akawauliza wachaguzi kama waliitwa, wakakana.

"Mkataba unamzuia Fakihi kuita," akasema hakimu. "Haumzuii mtu mwingine kwenda anakotaka."

Fakihi akatoka kifua mbele. Siku hiyohiyo akawasainisha wachaguzi mkataba uleule, neno kwa neno, wasije wakaitana. Mwizi huogopa sana wezi.

Kisha mvua ikaja. Kila bati la Newala likamwaga maji ya bure, na asubuhi uani kwa Fakihi hakukuwa na mtu. Wote walikuwa barazani kwa Mama Gabriel, wanachagua magunia ya Ashraf kwa malipo ya kila gunia, ujira kamili.

Fakihi akafika anatweta, karatasi mkononi. "Mlinisainia!"

"Tulikusainia, baba. Ila sikumwita mtu. Nilitandika mkeka, nikakaa."

Baraza zima likacheka. Fakihi aliumia, na tuseme kweli, alistahili. Lori la Mtwara likapiga honi barabarani.

"Gunia mnachagua kwa bei gani?" akauliza taratibu.

"Kwako, mara mbili ya Ashraf. Na magunia uyabebe mwenyewe hadi hapa."

Fakihi akavua shati, akaenda kujitwika gunia la kwanza.