Uzinduzi wa Wavu wa Mto Lipna

Mheshimiwa Meya, Mheshimiwa Naibu Meya, ambaye ni mimi Stamen, Padri Metodi, uliyetubariki mara mbili kwa sababu mara ya kwanza kipaza sauti kiligoma, wageni wetu wa Mfuko wa Bahari Safi, mliokaa juani kwa kuwa turubai hili dogo linatosha jukwaa tu, mabibi na mabwana wa Krivo Ustie, na wewe Bibi Stoyna, uliyesimama hapo mbele na mabuti yako ya matope ingawa tumekuwekea kiti: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wafanyakazi wa manispaa.)

Nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, na unyenyekevu wangu unajulikana wilaya nzima, kuzindua Mradi Mkakati Jumuishi wa Kudhibiti Taka za Plastiki Kabla Hazijaingia Bahari Nyeusi. Kwa miaka mingi chupa zetu zimeteremka na mto huu, zikaingia baharini na kupita Istanbul bila pasipoti, wakati ombi langu mimi la safari ya mafunzo huko huko Istanbul limekataliwa mara tatu. (Kicheko.) Hali hiyo haikubaliki!

Ndipo tukaandika andiko la kuomba ufadhili, kurasa mia mbili na kumi. Upembuzi yakinifu ulibaini kwamba asilimia tisini na nne ya taka za mtoni zimo mtoni. (Makofi.) Tukafanya warsha nne hotelini, wadau wakajengewa uwezo, na katika kila warsha tulikunywa maji ya chupa ndogo ndogo ambazo, nasema kwa uwazi na uwajibikaji, baadaye zilionekana zikielea hapa.

(Bibi Stoyna: "Stamen, wavu uko wapi?")

Swali zuri sana, Bibi. Nalipokea, na linafanyiwa kazi.

Leo asubuhi, kama desturi yetu inavyotaka mtu anapoanza kazi mpya, binti wa ofisini alimwaga ndoo ya maji mbele ya miguu yangu ili mambo yatiririke bila kikwazo. Kwa bahati mbaya aliyateka mtoni. Yakanimwagikia pamoja na vifuniko saba vya chupa na mswaki. (Kicheko kirefu.) Lakini nathibitisha kwamba desturi ile inafanya kazi: kila tulichopanga kimetiririka bila kikwazo chochote, hadi baharini.

(Bibi Stoyna: "Mwanangu, mvua ya milimani inafika Alhamisi! Mafuriko ya Machi yaling'oa nguzo zangu nne. Sitaki hotuba, nataka nguzo nne. La sivyo chupa zote za huko juu zinapita!" Sauti kutoka nyuma: "Mpe hizo za turubai!")

Nguzo, Bibi, ni suala la kitaalamu. Tutaunda kamati, na itakaa Ijumaa. (Minong'ono.)

Mimi si mtu wa kujisifu. Ningekuwa wa kujisifu, ningewaambia kwamba nimezindua miradi kumi na saba, na mingine ipo. Mkasi huu umeshanolewa mara mbili. (Anakata utepe wa plastiki. Upepo unauchukua, unatua mtoni. Watu wote wanautazama ukienda.)

Msiwe na wasiwasi. Utanaswa kule chini.

Mto safi! (Umati: "Lini?") Chupa za plastiki! ("Zinapita!") Lipna oyee! ("Wavu uko wapi?")

Basi, shukrani. Nawashukuru wageni kwa ufadhili na kwa kuziamini picha zetu. Namshukuru mpiga picha. Zaidi ya wote namshukuru Bibi Stoyna, ambaye tangu mumewe afariki amefunga waya wa banda la kuku kwenye nguzo zake kutoka ukingo hadi ukingo, akiokota chupa kila asubuhi kabla ya kukamua mbuzi wake; kwa maana wavu mlioupenda sana kwenye jalada la ripoti ni wake. Wetu haujawahi kuwepo. Hivyo, Bibi, kwa heshima zote, tunaomba saa nane wageni wapitishwe kwako, na wewe usiwepo...

(Bibi Stoyna anapanda jukwaani. Anang'oa nguzo ya kwanza, anampa Padri Metodi. Ya pili na ya tatu wanazipokea wageni. Anapong'oa ya nne, turubai lote linamwangukia Naibu Meya. Umati unaelekea mtoni.)

(Kutoka chini ya turubai:) Ndugu zangu, nina furaha kuwatangazia kwamba utekelezaji umeanza.