Faili Limefika Salama

Jumatatu, 3 Juni 2024

Wiki imeanza vibaya. Nimeshindwa na mtu mpole.

Fortunata. Tunafanya kazi chumba kimoja hapa kituoni Kilwa Masoko, meza zimetazamana. Kazi yetu ni kupakua masomo ya afya mtandaoni na kuyaweka kwenye memori kadi, yaende Pande, Kikole, Songo Mnara na kwingine ambako mtandao ni wa kubahatisha. Programu tunayotumia haina picha wala vitufe. Skrini nyeusi tu. Unaandika amri, unasubiri. Inapomaliza inamwaga takwimu nyingi, na mkuu wetu Bi Mboni huzisoma kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu.

Leo Fortunata amegundua kuwa programu inaweza kuamriwa iandike nini mwishoni. Unachagua mwenyewe. Ya kwake imetoka mstari mmoja: jina la faili, namba ya jibu, ukubwa, muda. Namba 200 maana yake limepatikana. 404 maana yake halipo. Bi Mboni amesema huo ndio usafi anaoutaka tangu aajiriwe. Kisha akatangaza kuwa kuna semina Lindi mwezi huu, hoteli na chai ya saa nne, na ataenda mmoja wetu.

Namshukuru Mungu kwa kunipa mwenzangu hodari. Namshukuru pia kwa kunipa akili ya kumpita.

Jumanne, 4 Juni

Nimejifunza asubuhi nzima. Si vigumu. Alama ya asilimia, mabano, jina la kipimo unachokitaka, mabano yanafungwa. Nikapakua masomo ya Kikole, mafaili mengi mfululizo, nikamwita Bi Mboni aje aone.

Taarifa zote zilikuwa zimeshikana. Mstari mmoja mrefu, tarakimu juu ya tarakimu, kutoka ukingo hadi ukingo wa skrini. Bi Mboni aliinama, akatazama, akauliza kama hiyo ni namba ya simu ya ughaibuni.

Alipotoka, Fortunata alinieleza taratibu kuwa programu haishuki mstari mpaka uiambie, na akanionyesha alama ya kuweka mwishoni. Hakucheka. Nilimshukuru kwa dhati. Kisha nikamwita tena Bi Mboni, nikamwambia nimetafakari na kupata ufumbuzi.

Fortunata aliendelea kula chapati yake.

Jumatano, 5 Juni

Siku njema sana.

Asubuhi nilibadilisha kipimo cha kasi. Fortunata huandika kwa kilobaiti, kwa hiyo kasi yake inaonekana sitini hivi. Mimi nikaacha baiti zenyewe. Elfu sitini na kitu. Mtandao uleule, waya uleule. Bi Mboni alilinganisha skrini mbili, akamuuliza Fortunata kama kompyuta yake inaumwa.

Mchana akalalamika juu ya ile namba ya jibu. Kila mara lazima aulize 200 ni nini. Hapo ndipo nilipopata wazo kubwa. Kumbe ndani ya taarifa unaweza kuandika maneno yako mwenyewe, na programu itayatoa kama yalivyo. Nikaondoa namba. Nikaondoa ukubwa, una tarakimu nyingi mno. Nikaandika: *Limefika salama, alhamdulillahi. Mpakuaji: Valentini.*

Mimi ni Mkatoliki, babu yangu alibatizwa kule bara akiwa mtoto. Lakini Bi Mboni ni mtu wa swala tano, na adabu ni adabu. Aliisoma mara mbili. Akasema, "Mwanangu, hii hata mimi naielewa."

Fortunata aliuliza itaandika nini faili lisipofika. Nikamwambia mafaili yangu yanafika.

Alhamisi, 6 Juni

Amekuja Nesi Zuwena wa Songo Mnara. Anahitaji video ya kumsaidia mtoto mchanga asiyelia anapozaliwa. Jumamosi anawakusanya wakunga wa jadi wa kisiwani awafundishe, kwa sababu yeye ni mmoja na hawezi kuwa kila nyumba. Mwezi uliopita mama mmoja alijifungulia nyumbani usiku wa dhoruba. Nesi alipofika, wakunga walikuwa wamemfunga mtoto kwenye kanga, wanalia. Akisimulia hapo, aligeuka akatazama dirishani.

Nilimwambia aniachie mimi.

Nikaiandika linki, nikabonyeza. Ilimalizika kabla sijavuta kiti. Video nzima! Nimepakua vitu hapa miaka mingi, sijaona kasi ya namna hiyo. Skrini ikaandika: Limefika salama, alhamdulillahi. Nikaona kweli kuna baraka katika neno lile. Nikaweka kwenye kadi, nikamkabidhi Nesi pale pale. Akanishukuru, akaniachia pweza mkavu aliyefungwa kwenye gazeti.

Bi Mboni aliyaona yote. Kabla ya kufunga ofisi aliniambia nianze kupiga pasi shati la Lindi.

Nilimgawia Fortunata mkia wa pweza. Anasema pweza hana mkia. Basi nilimgawia mguu.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika kwa shukrani.

Asubuhi Fortunata aliniuliza video ya Nesi ilitoa namba gani. Nikamwambia namba zimepitwa na wakati. Hakubishana. Alikuja mezani kwangu, akafungua nakala ya faili lile. Halikuwa video. Ulikuwa ukurasa mdogo wa maneno, seva inaomba radhi kuwa kitu hicho hakipo. Nilikuwa nimekosea herufi moja kwenye linki. Programu ikapakua ile radhi kwa uaminifu, na mimi nikaipa jina la video na kuisifu.

Nilikaa chini. Fortunata hakunisema. Alisema tu, "Kaka Valentini, boti inaondoka saa ngapi?"

Bi Mboni aliingia, akaelezwa. Na Fortunata ndiye aliyeeleza, akisema "tumekosea". Tumekosea! Bi Mboni akampigia Nesi simu. Alikuwa ameshafika bandarini. Nahodha alikuwa amesema wanang'oa nanga watu wakitoka swala ya Ijumaa, hasubiri mtu, kwa kuwa maji yakitoka hawezi kutia nanga kisiwani.

Fortunata akaandika linki sahihi. Video ikaanza kushuka. Polepole, kama mtandao wetu ulivyo siku zote. Asilimia kumi. Kumi na mbili. Kutoka msikitini tukasikia hotuba imeanza.

Sijawahi kumwombea imamu. Leo nilifumba macho, nikamwombea hotuba ndefu. Bi Mboni, kwa kuwa ni mwanamke mwenye ukweli, alisema hotuba za huyu wa leo huwa fupi. Lakini leo alizungumzia majirani. Alipomaliza majirani wa kulia akaanza wa kushoto. Asilimia sabini. Akaingia kwenye haki za wapangaji. Asilimia tisini. Imamu huyo nitamheshimu maisha yangu yote, na jina lake silijui.

Mstari wa Fortunata ukatokea. Jina, 200, ukubwa wote, muda. Sijaona maandishi mazuri kama yale. Alifungua video akahakikisha, akaweka kwenye kadi, akanipa mimi.

Nilikimbia. Kandambili moja ilibaki njiani karibu na soko. Nilipofika bandarini boti ilikuwa imeshawashwa, abiria wamekaa na magunia yao, wanamtazama Nesi Zuwena aliyesimama kwenye ngazi mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, makusudi, ili nahodha asiweze kuondoka.

Hakunilaumu. Alitia kadi kwenye simu yake pale pale, aone mwenyewe. Abiria wakasogeza vichwa. Mtoto mchanga, hana rangi, hana sauti. Mikono ya mkunga inamkausha, inamsugua mgongo, inamfunika pua na mdomo kwa kifaa na kumpulizia hewa. Inasikika injini tu. Nahodha naye alikuwa anachungulia. Kisha mtoto wa kwenye simu akalia.

Bibi mmoja mwenye gunia la unga akasema, "Haya. Twendeni."

Nilirudi na mguu mmoja peku. Sikuikuta kandambili. Aliyeiokota nimemsamehe.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani niliweka sadaka kubwa kuliko kawaida. Padri alinitazama.

Jumatatu, 10 Juni

Nesi Zuwena amepiga simu. Bi Mboni akaweka spika ili tusikie sote. Mafunzo yalifanyika Jumamosi. Jana alfajiri mama amejifungua upande wa pili wa kisiwa, na mtoto hakulia. Wakunga hawakusubiri. Mmoja alikausha, mmoja akasugua mgongo, wa tatu akatumwa mbio kwa Nesi. Kabla Nesi hajafika mlangoni alimsikia mtoto. Amesema alisimama nje kidogo kwanza, amsikilize.

Fortunata alitoka akasema anakwenda kuosha vikombe. Vikombe vilikuwa safi. Mimi nilibaki natazama sakafu. Bi Mboni alifuta miwani, akaanza tena kuifuta.

Mtoto ameitwa Shukuru. Nilitaka kuuliza kama jina la Valentini lilijadiliwa, lakini simu ilikuwa imekatika.

Baadaye Bi Mboni aliniita. Sauti ya chini, ambayo ni mbaya zaidi. Alisema Fortunata ndiye atakwenda Lindi. Alisema hataki kuona tena taarifa ya upakuaji isiyo na namba ya jibu. "Hata kama siielewi. Niione." Nikamwambia naam, mama. Nikampa Fortunata shati langu lililopigwa pasi akafungie kompyuta mpakato yake isikwaruzike njiani. Alicheka, akalipokea. Mungu ambariki. Nilikuwa namaanisha.

Jumatano, 12 Juni

Fortunata ameondoka na basi la asubuhi. Chumba kimya. Nimeahidi kubadilika, na nimeanza leo leo.

Nimerudisha namba ya jibu kwenye taarifa, kama nilivyoagizwa. Lakini ilisumbua. Faili la kwanza 200, la pili 404, la tatu 403, yaani limezuiwa, la nne 000, yaani hakuna jibu kabisa. Bi Mboni alipita, uso ukakunjamana, na mtu mzima yule ana presha. Sikupenda kumuumiza.

Nikafikiri. Agizo lilikuwa namba ionekane. Halikusema aiandike nani. Kwa hiyo nimeondoa zile alama za asilimia na mabano zinazoleta namba, nikaandika 200 kwa mkono wangu mwenyewe, pale pale kwenye nafasi yake. Ni kwa muda tu, mpaka Fortunata arudi.

Tangu wakati huo hakuna faili hata moja lililoshindikana. Bi Mboni amepita tena, ameona 200 kila mstari, amenipigapiga begani na kusema anaona nimekua.

Namshukuru Mungu.