Misuli Yangu na Jongo

Jumatatu, 3 Machi
Kidole gumba cha mguu kimevimba kama nyanya. Daktari Sumeya amepima damu, akasema asidi ya yuriki iko juu. Jongo! Eti nipunguze nyama na pombe, ninywe maji mengi, na kidole kikipoa nianze kunyanyua vitu vyepesi, polepole. Nimelishika neno moja: kunyanyua.

Mwisho wa mwezi ni ruracio, sherehe ya mahari ya binti yetu Anita. Baba wa kijana anayemwoa ni Kingori wa Othaya, anayejisifu kwa vyuma anavyonyanyua. Nimpokee na mkongojo? Mimi, Gathogo? Haiwezekani!

Jumatano, 5 Machi
Kidole kimepoa kidogo. Nimebeba mifuko ya saruji dukani mwangu asubuhi yote. Wateja wamepiga makofi. Maji sikugusa, maji hulegeza misuli. Chakula cha mchana: maini, sahani mbili. Simba!

Alhamisi, 6 Machi
Siwezi kuvaa soksi. Asidi imepanda zaidi. Daktari akaniuliza kama nilikuwa najenga nyumba peke yangu. Akaeleza kwamba misuli ikikamuliwa kupita kiasi huacha taka inayogeuka asidi hiyo, na bila maji figo hushindwa kuitoa. Maini nayo ni kumwaga mafuta motoni.

Mke wangu Phyllis alisikiliza kila neno. Hasara kubwa.

Jumanne, 18 Machi
Mboga. Mukimo. Maji. Mboga. Phyllis ananisimamia nikiinua vibuyu vidogo vya maji, kama mtoto wa nasari. Leo nilimwomba Wachuka wa buchari anifichie maini kwenye pakiti ya misumari. Mpango safi kabisa! Lakini paka wa jirani alinifuata hadi mlangoni, akilia. Phyllis akauliza tangu lini paka wanapenda misumari.

Paka amekula vizuri.

Jumamosi, 29 Machi
Ushindi! Jana daktari alipima: asidi imeshuka. Nimetembea hadi langoni wima kama askari.

Kingori akashuka garini. Na mkongojo! Alikuwa amenyanyua vyuma vizito wiki nzima ili anitishe, akala nyama ya mbuzi pia. Jongo lilimshika juzi.

“Pole, baba wa kijana,” nikamwambia. “Nikubebe?”

Akacheka kwa uchungu. Nikampa bega langu, tukaingia pamoja huku akina mama wakipiga vigelegele. Anita alinitazama kwa macho ya machozi. Siku kuu ya maisha yangu.

Jumapili, 30 Machi
Nimefikiri sana. Ni nini kilichonipa ushindi? Mboga? Hapana. Ni misuli! Mwili wenye nguvu hivi hauogopi nyama. Phyllis alipoenda kanisani nikamaliza supu ya kichwa na mbavu zilizobaki, nikashushia na bia, kisha nikanyanyua mfuko wa saruji kwa furaha.

Sasa kidole kinawaka moto, na kimeanza kuvimba.

Safi sana. Misuli imefika hadi vidoleni!