Mgeni wa Kila Jioni Kwenye Ukurasa wa Rimma

Jumapili, 29 Januari 2012

Kineshma. Baridi ya kupasua mawe. Lifti za nusu ya mtaa zimegoma, na mimi fundi wake nimejifungia ndani kwa jambo kubwa zaidi. Jumamosi ni siku ya wahitimu. Shule zinafungua milango, na mijitu mizima inarudi kukaa kwenye madawati iliyoyachora kwa visu. Darasa letu, Kumi B, limetimiza miaka thelathini na tano tangu tuhitimu.

Na Rimma Zaitseva anakuja. Kutoka Murmansk, kwa treni! Ameandika mwenyewe kwenye Odnoklassniki, ule mtandao wetu wa kutafutana tuliosoma pamoja. Vijana wao wako VKontakte. Nilichungulia huko mara moja, nikatoka. Hakuna hata mmoja anayekumbuka viazi.

Viazi ndiyo habari yenyewe. Vuli ile ya darasa la tisa walitupeleka shamba la ushirika kuvuna, nami nikambebea Rimma ndoo kutwa nzima. Manyunyu, matope hadi magotini, yeye kajifunga kitambaa chekundu. Sijapata furaha kama ile tena, hata siku ya harusi yangu, Mungu anisamehe. Mke wangu tuliachana zamani. Rimma alifiwa na mumewe mwaka juzi. Tangu hapo, kila jioni nikishakunywa chai, napita kwenye ukurasa wake, naangalia picha, natoka. Siandiki neno. Anayewinda hapigi kelele.

Shida ni Edik Pryakhin. Shuleni alikaa nyuma yetu akimvuta Rimma nywele. Leo kaweka picha: yeye, barafu ya Volga, na samaki wa ukubwa wa mtoto mchanga. Rimma kampa alama ya tano, ya juu kabisa. Kwa samaki!

Jumatatu, 30 Januari

Mpango umeiva. Nimemzaa mtandaoni Kapteni Rostislav, mtu wa kubuni: mtu wa meli, mstaafu, msomaji wa mashairi. Kazi zake mbili. Ya kwanza, kumpa samaki wa Edik alama ya moja, maana mtandao unaonyesha nani katoa alama gani, na jina langu lisingependeza pale. Ya pili, kumpeleleza Rimma: je, ananikumbuka?

Kapteni alihitaji sura. Nimeazima picha kwenye albamu ya dada Faina: Prokhor, aliyekuwa mumewe, ndani ya sare ya meli za Volga. Prokhor alikimbilia Astrakhan na mpishi wa meli, miaka ishirini sasa. Mtu hovyo, lakini sura anayo. Nani atamkumbuka?

Samaki kapata moja yake. Nimelala vizuri.

Jumatano, 1 Februari

Rimma kamjibu kapteni! Kapteni alimuuliza kwa heshima zote, chini ya picha yake moja, kama darasani kwao kulikuwa na mvulana wa kukumbukwa. Kajibu kwamba yuko mmoja aliyembebea ndoo ya viazi kutwa, na kila tuta akamtolea uongo mpya: mara mjomba wake ni rubani, mara bibi yake alipigana mieleka na dubu. Anasema alicheka mpaka akaisahau mvua.

Ni mimi huyo. Bibi na dubu ni wangu! Nilicheza jikoni hadi jirani wa chini akagonga bomba la joto kwa mwiko. Nami nikagonga, kwa furaha.

Alhamisi, 2 Februari

Msiba.

Nilisahau kabisa kwamba dada Faina naye yumo kwenye mtandao huu. Asubuhi kakutana na Prokhor wake, akiwa na jina jipya, anamtongoza Rimma. Akamwandikia chini ya picha, mbele ya Kumi B nzima: Mbwa wewe, meno yameisha na bado unahangaika na wanawake? Rudisha kwanza kofia ya marehemu baba.

Edik kaipigia makofi. Na ile kofia ninayo mimi, lakini huu si wakati wa kusema.

Nikakimbilia kwa Faina kuungama, asije akasafiri hadi Astrakhan. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza, kapteni wa nini tena, na Rimma anakuona kila siku? Ananiona wapi? Akanifungulia ukurasa wake yeye, akanionyesha mahali palipoandikwa Wageni. Wote waliopita kumchungulia wamo, sura na jina. Mimi nimo pia, maana juzi nilipita kutazama keki yake.

Kumbe ndivyo kwa kila mtu. Kumbe ndivyo kwa Rimma, kila jioni, tangu mwaka juzi! Faina akasema, mdogo wangu, ulidhani unachungulia tundu la ufunguo, kumbe umesimama mlangoni na kofia mkononi. Akasema asiyetaka kuonekana hununua hali ya kutoonekana, na hata vikongwe wanaobangua mbegu za alizeti kwenye benchi letu wanalijua hilo.

Nimemfuta kapteni. Ningeweza ningejifuta na mimi. Jumamosi siendi.

Ijumaa, 3 Februari

Nimeandika kwenye ukurasa wangu, kwa huzuni ya kiume, kwamba nimeitwa ghafla Norilsk kutengeneza lifti muhimu. Edik kauliza papo hapo, mbele ya wote, lifti gani hiyo ya Norilsk inayotengenezwa kutoka foleni ya mkate pale kona. Kumbe alikuwa nyuma yangu. Maisha yangu yote huyu mtu yuko nyuma yangu.

Faina naye kanipigia. Njia ya mwongo ni fupi, akasema, na kesho atakuja kunivalisha tai kwa mikono yake.

Jumamosi, 4 Februari

Alinivalisha. Nusura aninyonge.

Shule inanukia vilevile: rangi ya sakafu na supu ya kabichi. Machozi yalinijia kwenye ngazi, nikasingizia baridi. Edik alileta samaki wa kukaushwa kwenye gazeti, na nakiri alikuwa mtamu. Kila mtu akakaa kwenye dawati lake la zamani, ndiyo desturi. Langu, safu ya dirishani. Pembeni yangu akakaa Rimma, kama zamani. Nywele nyeupe. Kitambaa chekundu, sijui kama ni kilekile.

Nikaanza kueleza kuhusu Norilsk. Akanikatiza, akasema, acha zako, Venya. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba baada ya mazishi nyumba ilikuwa kimya mno, na jioni ndiyo ilimwonea zaidi. Akawa anaweka birika jikoni, anafungua Wageni, ananikuta. Anajua kuna mtu Kineshma yuko hai na amemkumbuka. Akishaniona, anakunywa chai yake. Juzijuzi nilipougua mafua nisipite, hakupata usingizi.

Sikuwa na uongo hata mmoja wa kumpa. Nje theluji ilikuwa inaanguka kwenye kiwanja tulichokuwa tukikimbizana, na nilitamani kengele ya kutoka isilie.

Jumapili, 5 Februari

Nimemsindikiza stesheni. Nilimbebea sanduku, zito kuliko viazi. Akaniomba jambo moja tu: niendelee kupita jioni, na jina langu mwenyewe, hata nisipoandika kitu. Nikaahidi. Treni ikaenda. Nililia waziwazi, na muuza maandazi ya kabichi akanipa moja bure.

Nyumbani nikakaa nikafikiri kwa makini. Mwanamke akikuona kila siku, anakuzoea. Akikukosa kidogo, anakutafuta! Edik hawezi kubuni kitu kama hiki. Kwa hiyo nimeinunua ile hali ya kutoonekana, ya mwezi mzima.

Jumanne, 7 Februari

Jioni hii amefika Murmansk. Nimekunywa chai, nimepita kwake, nimeangalia picha zote, nimetoka. Sijaacha hata unyayo. Kazi safi.

Yuko mtandaoni tangu alipofika, na bado yupo. Sijui anasubiri nini.