Mkurugenzi na Marubani Wake Watatu

Idara ya Mizani na Vipimo ina heshima kuutangazia umma kwamba, kuanzia mwezi uliopita, hakuna mkurugenzi atakayepandishwa cheo kabla hajaiokoa sayari. Agizo lilitoka juu. Uongozi utapimwa kwa mchezo wa kompyuta wa vita vya angani: mkurugenzi anarusha chombo chake, na marubani wasaidizi watatu, wanaoendeshwa na kompyuta yenyewe, wanangoja amri zake. Mimi ni msaidizi maalumu wa Mkurugenzi wetu, mwaka wa kumi na moja sasa. Kiti chake nilikibeba mwenyewe hadi ukumbini.

Mkurugenzi alivitazama vitufe vinne vya amri: Shambulia, Nilinde, Nifuate, Rudi.

"Yaani nikibonyeza tu, wanatii?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Bila barua?"

"Bila barua."

Alisikitika sana. Idara yetu haiendeshwi kihuni. Akaniagiza niwaandikie marubani barua, nakala jaladani. Nilikuwa nimefika "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu" maadui walipoanza kumimina moto.

Rubani Nambari Tatu hakungoja barua. Aliangusha vyombo sita vya adui peke yake. Mkurugenzi akausimamisha mchezo hapo hapo.

"Huyu anakitaka kiti changu," alisema.

Tukaunda kamati ndogo. Nambari Tatu alitakiwa ajieleze kwa maandishi, ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini alishinda bila kibali. Hakujibu. Jeuri hiyo ndiyo iliyomponza: alisimamishwa kazi, na chombo chake nikakizima kwa mkono wangu.

Zoezi la pili, Mkurugenzi alibonyeza kitufe kimoja tu, Nilinde, mpaka kikalegea. Marubani wawili waliobaki wakamganda kama kupe. Nyuma yao kituo cha raia elfu tisa kikateketea. Skrini ikaandika: UMESHINDWA.

"Nani ameshindwa?" aliuliza.

"Kituo, mheshimiwa."

"Andika hivyo hivyo."

Siku ya mtihani alikuja Katibu Mkuu wa wizara. Aliketi chumba cha pili, mbele ya skrini yake, ili asimtishe mtahiniwa. Hata hivyo mtahiniwa alitishika. Dakika moja kabla ya vita, alitoka mbio kuelekea msalani, mkanda mkononi. Vita vikaanza bila yeye.

Mama wa mapokezi alikuwa ameingia kuleta maji ya kunywa. Akatazama skrini.

"Mwanangu, mbona hao watoto mmewaacha wanauawa?"

"Mama, hicho ni kiti cha Mkurugenzi."

"Na yeye yuko wapi?"

Sikuwa na idhini ya kujibu swali hilo. Mama akaketi. Akamrudisha Nambari Tatu kazini bila hata kikao. Akabonyeza Shambulia mara moja, kwa wote watatu, kisha akaweka mikono mapajani.

"Huwaamrishi tena?" nilimuuliza kwa hofu.

"Kazi wanaijua. Niwasumbue ya nini?"

Simu ya mapokezi ikalia, akaenda kuipokea. Marubani wakaendelea bila mtu. Mkurugenzi aliporudi, akifunga mkanda, skrini ilikuwa imeandika USHINDI na inauliza jina la kamanda. Akaandika jina lake, cheo chake na shahada zake zote mbili. Mimi nikasaini kama shahidi.

Katibu Mkuu akaingia na karatasi.

"Hongera. Vita vyote umetoa amri moja tu!"

"Uongozi, mheshimiwa, ni kujua kunyamaza."

"Kweli kabisa. Mtu wa amri moja hahitaji ofisi, gari, wala msaidizi maalumu. Nafasi zenu mbili zinafutwa. Idara itajiendesha."

Mkurugenzi akapaza sauti:

"Mheshimiwa, kusema ukweli, sikuwa mimi!"

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Msalani."

Katibu Mkuu akavua miwani. "Sayari imeokolewa wewe ukiwa msalani?"

"Ndiyo, mheshimiwa! Huyu hapa shahidi."

Nikathibitisha, kwa sauti ya kiofisi.

Katibu Mkuu akakata, kwenye ile karatasi ya kufuta nafasi zetu, penye "amri moja", akaandika "sifuri", akatukabidhi kalamu tusaini.