Jina Langu Juu ya Pipa

Jumapili, 4 Mei

Chakula cha mchana kwa shemeji Anselmo. Wali wa kamba: mtamu. Mwenye nyumba: mchungu. Sahani hazijatolewa mezani, kashaanza habari ya pipa lake. Mji wetu wa Sanlúcar mzima unaijua. Hata paka wa jirani anaijua, akimwona Anselmo anahama kibaraza.

Pipa lenyewe liko ghala la mvinyo la Mtaa wa Juu, safu ya kati. Jina lake limeandikwa usoni kwa chaki, likapakwa vanishi lisifutike mpaka Kiyama. Ndiyo heshima kuu ya ghala. Wameandikwa wapigana na fahali, maaskofu wawili, mwimbaji mmoja mnene. Na Anselmo Rendón!

Kwa kazi gani? Alikuwa anamwendesha mama wa bosi kwenda misa. Miaka kumi na moja ya kufungua mlango wa gari. Mimi nimesukuma mapipa pale miaka arobaini na moja. Nyonga yangu ya kushoto niliiacha humo. Siku ya kustaafu nikapewa saa. Haikufika Krismasi.

Basi Triana, mjukuu wangu, miaka minane, akauliza mbele ya watu wote: Babu, na lako liko wapi?

Charo mke wangu, ambaye ni dada wa tumbo moja na huyo Anselmo, akachungulia ndani ya glasi yake kama aliyeona mdudu. Anselmo akatabasamu jino la dhahabu.

Nikasema lipo. Safu ya nyuma kabisa, penye giza. Ndiyo maana watu hawalioni.

Mtoto akapiga makofi. Anselmo naye akasema safi sana shemeji, basi tarehe kumi na nane, Triana akishapokea komunyo yake ya kwanza, ukoo mzima tutakwenda kuliona. Akauliza tochi nitaleta mimi au alete yeye.

Siku kumi na nne. Kuandika jina kunachukua nusu dakika. Shida ni kuingia.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda ghalani. Bawabu kanizuia getini. Anasema siku hizi haingii mtu ila kwa matembezi ya kuonja mvinyo: watu wanane, Alhamisi na Jumamosi, saa tano asubuhi, anaongoza binti mmoja jina lake Mila. Na wastaafu wa ghala hawapokelewi. Mwaka jana walijiunga wawili, kituo cha kwanza wakaonja, cha pili wakaimba, cha tatu wakabebwa.

Nikasikitika naye. Wazee wengine hawana haya. (Mmoja wao alikuwa mimi, lakini wakati ule nilikuwa na ndevu.)

Nimejiandikisha kwa jina la Don Gonzalo, mtalii kutoka Burgos, kaskazini ya mbali.

Alhamisi, 8 Mei

Koti zito, skafu shingoni, jua kali. Watu wa kaskazini ndivyo wanavyovaa. Tena wanatamka kila herufi kana kwamba wameilipia. Sisi huku nusu ya neno tunamwachia msikilizaji amalizie mwenyewe. Ulimi uliniuma kabla ya kituo cha kwanza.

Kundi letu: mtu na mkewe kutoka Uholanzi, maharusi wa Kifaransa wasioachana mikono hata kwenye ngazi, madaktari wawili wa meno wa Kijerumani, na mama mmoja Mswidi aitwaye Gunvor, mrefu kama mnara wa kanisa. Na Don Gonzalo.

Tukaanzia ufukweni, kula kamba. Encarna muuza samaki akaniona, akapaza sauti mtaa mzima: we Sebio, kafa nani mpaka umevaa koti la mazishi? Nikamjibu kwa lafudhi ya Burgos kwamba bibi amenifananisha. Akasema nimekufananisha na nani, zuzu wewe, mwanao si nilimnyonyesha mimi!

Mila akanitazama. Nikatazama bahari. Akaendelea na kazi yake. Binti mwenye adabu.

Tukapanda Mtaa wa Juu, tukaingia ghalani. Giza lilelile, mchanga uleule ulionyunyizwa maji, harufu ileile. Nusura nivue kofia. Mila akagawa glasi. Wageni wakashika kwenye kijiti chake, wakazungusha, wakanusa dakika nzima kama daktari anayesikiliza kifua. Mimi nikanywa. Akasema tuseme tunahisi nini. Mholanzi akahisi lozi. Daktari wa meno akahisi mkate. Mimi nikahisi bado kidogo.

Chaki ilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma polepole, hatua mbili, tatu. Ndipo Mila akawaambia kwamba zamani wafanyakazi walikuwa wanagonga mapipa kwa kidole ili kuomba bahati.

Bahati! Jamani! Tulikuwa tunagonga ili kusikia mvinyo umefika wapi ndani! Sikujizuia. Nikagonga moja mbele yao, nikawaonyesha sauti inapobadilika. Nikawaonyesha jinsi mtu mmoja anavyolitembeza pipa la lita mia tano kwa mikono miwili na goti. Nikawasimulia ya mwenzetu Perico aliyesinzia kwenye pipa tupu, likafungwa, likapakiwa kwenye gari, akaamkia mji wa pili, Jerez. Wakacheka mpaka maharusi wakaachana mikono. Mila akawatafsiria huku amenikodolea macho. Akauliza Don Gonzalo wa Burgos ameyajuaje haya yote. Nikasema nasoma sana.

Kila nilipokwenda, walinifuata. Watu saba nyuma yangu kama vifaranga! Ningeandikaje? Chaki imerudi nyumbani nzima nzima.

Jumamosi, 10 Mei

Nimejiandikisha tena. Safari hii kama pacha wa Don Gonzalo. Mila akasema karibu sana mzee wangu, naona hata skafu mmezaliwa nayo mapacha.

Leo sikufungua mdomo ila kwa kunywa. Wenzangu walipoinamia glasi zao, nikapotea. Safu ya nyuma, gizani. Nikaliona pipa moja limekaa peke yake karibu na mlango, uso msafi, halina jina. Utadhani lilikuwa linaningoja mimi! Nikapiga magoti. Nikaandika EUSEBIO BARRAGÁN, herufi kubwa, na mwaka nilioanza kazi. Dakika moja tu! Nikataka kuinuka. Nyonga ikakataa. Nikavuta. Ikakataa kabisa.

Viatu vikaja vikasimama mbele ya pua yangu. Leandro, msimamizi wa ghala. Kijana wangu huyu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuchota mvinyo pipani kwa kile kikombe chembamba cha mpini mrefu. Mwaka mzima alikuwa anamimina kwenye viatu vyake.

Akaisoma ile chaki herufi kwa herufi. Nikaanza kufikiria polisi, gazeti, Anselmo akilisoma gazeti kwa sauti.

Mwishowe akasema, fundi, pipa hili linavuja. Jumatatu linakatwa nusu mbili, litakuwa vyungu vya maua.

Akaniinua kwapani. Akauliza kwa nini sikuja kuomba kama watu. Nikamweleza yote: Triana, komunyo, tochi. Hakucheka. Akasema kosa ni la ghala, heshima ile nilistahili miaka ishirini iliyopita. Tarehe kumi na nane nilete ukoo wangu, ataniwekea pipa la safu ya chini, lenye mvinyo mkongwe kuliko wote mle ndani, niandike jina langu mchana kweupe, naye apake vanishi kwa mkono wake.

Machozi yalinitoka. Nikamwambia ni vumbi.

Mila naye kumbe alinijua tangu siku ya kwanza. Encarna alimwambia kila kitu, pamoja na mambo ambayo hakuulizwa.

Jumatano, 14 Mei

Silali. Nafikiria ile safu ya chini.

Mtu wa ghala anajua. Mapipa yamepangwa safu tatu. Mvinyo mchanga unaingizwa juu, unashuka mwaka hadi mwaka, na chini kabisa ndiko kwenye wazee wenyewe. Chini ndicho kiti cha askofu. Lakini Anselmo ni dereva! Anselmo ataona nini? Ataona Rendón yuko usawa wa macho na Barragán yuko usawa wa viatu. Na ataonyesha kwa ncha ya kiatu. Namjua.

Nimekwenda kwa Leandro. Nimemwambia nataka safu ya juu, pipa lililomkalia Anselmo kichwani sawasawa. Akasema fundi, kule juu kuna mvinyo wa juzi, bado unanyonya. Nikamwambia kizuri kinatazamwa kwa kuinua shingo. Akauliza kama ni kweli nabadilisha dhahabu kwa bati. Nikasema bati likiwa juu linaonekana mbali.

Akajikuna kichwa. Akasema haya, ngazi ipo, nyonga ni yako.

Charo kanisikia nikimsimulia ndege wetu wa tunduni, kanari. Kasema mimi na kaka yake tulipaswa kuoana sisi kwa sisi.

Jumapili, 18 Mei

Triana kama malaika. Suti yangu nyeusi, ileile ya harusi, sasa inafungwa kifungo kimoja tu. Misa ndefu. Kisha ukoo mzima ghalani: watu ishirini na watatu, Anselmo mbele, tochi mkononi. Kweli alileta!

Leandro akasema maneno mazuri juu yangu. Mila alikuwepo, akapiga makofi. Nikapanda ngazi, watatu wameishika chini. Nikaandika jina langu zima, na la ukoo wa mama yangu kwa nyongeza, taratibu, kila herufi ina kofia na viatu. Chini wakashangilia. Triana akapiga kelele: Babu, unaonekana! Nikatazama chini nikaona upara wa Anselmo. Mandhari nzuri kuliko zote za pwani hii.

Leandro akanionya nishuke bila kugusa kitu, chaki haijapakwa vanishi.

Hapo akili yangu ikanituma. Nikaona, maadamu nashuka, si nijibane kidogo kwenye mapipa, tumbo lipite juu ya jina la Anselmo? Angalau lile R lichubuke. Nikakumbatia mapipa, nikateremka nikijisugua kama dubu kwenye mti. Jina la Anselmo lina vanishi ya miaka kumi na tisa. Halikutikisika hata nukta. Langu halikuwa na vanishi.

Nilipogeuka, watu wote wakanitazama tumboni. Juu, pipa jeupe kwa vumbi, halina jina. Triana akasogea, akajaribu kusoma suti yangu. Akasema Babu, limegeuka nyuma mbele.

Leandro hakukata tamaa. Akanipa chaki, akanionyesha pipa la safu ya chini, lile la mwanzo. Akasema fundi, hili lilikuwa lako na bado ni lako. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Naapa. Ndipo Anselmo akasema kwa sauti ya asali: andika hapo chini shemeji, ni pazuri, wanaofunga kamba za viatu wote watakuona.

Nikasema Barragán haandiki chini ya Rendón! Nikarudisha chaki.

Hapo Charo akaweka mkoba wake chini. Akaichukua ile chaki. Charo alibandika lebo chupani ghala hilohilo, orofani, miaka ishirini na miwili, na hata saa mbovu hakupewa. Akapiga magoti bila kusaidiwa na mtu. Akaandika polepole jina lake la ubatizo na la kwao: ROSARIO RENDÓN. Leandro akapiga vanishi kabla sijafumbua mdomo.

Rendón! Miaka hamsini na miwili tumeoana, na bado ni Rendón! Sasa wako Rendón wawili ghalani, na Barragán mmoja kwenye koti.

Triana alimkumbatia bibi yake mpaka shela likapinda. Wote walilia. Mimi sikula kitu kwa uchungu. Sahani mbili tu.

Jumanne, 20 Mei

Mila kaja nyumbani. Anasema wale wageni wameandika kwamba mvinyo ulikuwa mzuri, lakini mzee wa Burgos alikuwa mzuri zaidi. Anataka nitembee na kila kundi, Alhamisi na Jumamosi, niwasimulie kazi ilivyokuwa. Kwa jina langu mwenyewe. Bila skafu.

Charo kafurahi kuliko mimi. Kasema unaona, umepata heshima kwa mdomo wako, hiyo haifutiki kwa tumbo. Sema ukweli tu, Sebio. Nimemwahidi.

Alhamisi, 22 Mei

Kundi la kwanza! Watu wanane, wengi wao Waairishi. Niliwapeleka vizuri kabisa. Niligonga, nikasukuma, Perico akaamkia Jerez. Wananisikiliza kama injili. Tukafika safu ya kati. Mama mmoja akaonyesha kidole, akauliza huyu Anselmo Rendón alikuwa nani.

Ulimi ulitangulia, mimi nikaufuata. Nikasema alikuwa nyumbu wa ghala. Mnyama mwaminifu, mzito wa kuelewa, lakini alimpeleka mama wa bosi misa miaka kumi na moja bila kumwangusha. Alipokufa, bosi kwa huzuni akaandika jina lake pipani.

Mama yule akafuta machozi. Wakapiga picha. Mmoja akalibusu pipa. Siku nzuri kuliko zote tangu nistaafu!

Kisha mumewe akainama, akauliza na huyu Rosario Rendón, hapa chini?

Nikasema ni mama yake huyo nyumbu.

Charo alikuwa nyuma yangu. Amekuja kunisikiliza, amebeba sahani ya chapati za uduvi kwa ajili ya wageni. Miaka hamsini na miwili hajawahi kuja kunisikiliza popote, akachagua leo.

Naandika haya nikiwa kwa Anselmo, kwenye kochi lake, na sanduku langu miguuni. Charo amebadilisha kitasa. Anselmo bado hajui sababu. Kanitandikia shuka safi, kanimiminia glasi, anasema shemeji ni shemeji. Amesikia kwamba wageni wanapiga picha na pipa lake na kulibusu, kifua kimemjaa. Ameniuliza kama Jumamosi anaweza kufuatana na kundi, asimame tu pembeni, asikie ninavyomweleza.

Nimemwambia karibu sana. Aje amevaa vizuri.